Pishi ya Msikitini

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu na atukutanishe nao peponi, kwamba katika mji mmoja wa pwani, ambao kila msimulizi huutaja kwa jina la mji wake mwenyewe, alikuwapo muhtasibu aitwaye Sheikh Ghanim bin Shekuwe. Muhtasibu, kwa asiyejua, ni mtu aliyekabidhiwa soko. Ndiye aliyekagua mizani na vipimo, akamkataza mchinjaji kuificha nyama mbovu chini ya nzuri, akaamua ugomvi wa muuzaji na mnunuzi. Zamani hizo watu walikuwa hawajaitenga dini na soko. Imamu alisalisha msikitini, muhtasibu akazunguka vibandani, na wote wawili walihesabiwa kuwa wamo katika ibada.

Sheikh Ghanim alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa na sifa kubwa zaidi. Alikuwa mcha Mungu kweli, hilo halina ubishi. Lakini tusemezane ukweli, ndugu zangu, zile sifa alikuwa akizipenda kidogo.

Katika shubaka la msikiti wa Ijumaa ilikaa pishi moja ya mti wa mninga, chombo cha kupimia nafaka, kongwe kuliko yeyote aliyekuwa hai. Hiyo ndiyo iliyokuwa mama wa vipimo vyote vya mji. Pishi zote za soko zilipimwa kwayo, na watu walitolea maskini fitri zao kwayo ulipokwisha mwezi wa Ramadhani. Mwaka aliopewa kazi, Sheikh Ghanim aliiona imekauka, imeanza kupasuka, akaihurumia. Akayeyusha nta ya nyuki, akaichanganya na unga wa udi, akaipaka pishi nje na ndani. Ikawa inang'aa na kunukia. Watu walifurahi mno, na mwaka uliofuata, ulipoingia mwezi wa Shaabani, wakamwomba airudie. Basi ikawa desturi. Kina mama walipeleka udi wao, wazee wakasoma dua, na Sheikh akapaka kwa mkono wake mwenyewe huku machozi yakimlengalenga kwa mapenzi. Miaka kumi na moja alifanya hivyo, na hakuacha hata mwaka mmoja.

Baada ya kupaka, aliwaita wauzaji wote walete pishi zao zilinganishwe. Na hapa palikuwa na jambo lililomfurahisha kila mwaka: pishi za wauzaji zilionekana kubwa kidogo kuliko ile ya msikiti. "Tazameni watu hawa," alikuwa akiwaambia wazee, "wanazidishia wanunuzi bila kujijua. Neema iliyoje." Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, alimwamuru seremala akate ukingo wa kila pishi mpaka zilingane. Hakuna muuzaji aliyenung'unika. Muuzaji gani atanung'unika akiambiwa apunguze?

Mwaka wa kumi na moja akaja sokoni Bi Mwanatumu, mama wa makamo aliyekuwa akiishi shamba na mumewe. Mume alipofariki alirudi mjini, akafungua kibanda cha mtama, na kipimo chake kilikuwa pishi aliyoachiwa na babake. Alichelewa kufika, ukaguzi wa mwaka ulikuwa umekwisha kupita. Haikutimia wiki, wanunuzi wote wamehamia kwake. Mtama wake ulikuwa uleule, bei ileile, lakini mtu akifika nyumbani na kupika, sufuria inajaa.

Wauzaji wengine walimwendea Sheikh Ghanim wakiwa wamenuna. Wakasema mwanamke yule ana pishi kubwa isivyo halali, na bila shaka hiyo ni ya kununulia kwa wakulima, ana nyingine ndogo aliyoificha ya kuuzia wanunuzi wakishamzoea. Shutuma hiyo ilikuwa nzito. Kununua kwa kipimo kikubwa na kuuza kwa kidogo ni dhambi iliyowaangamiza watu wa zamani, na adhabu yake mjini pale ilijulikana: pishi huvunjwa kwenye lango la soko mbele ya watu wote, na mwenyewe hauzi tena.

Sheikh Ghanim alikwenda mwenyewe kibandani siku ya Jumatano asubuhi, pishi ya msikiti mkononi. Akapima. Ya Bi Mwanatumu ikaizidi ile ya msikiti karibu nusu kibaba.

"Bibi," akasema kwa upole, "pishi yako si sahihi."

"Ni sahihi, Sheikh. Labda hiyo yako."

Watu waliokuwa karibu walishika midomo. Sheikh akavuta pumzi.

"Hii ni ya msikiti."

"Najua ni ya msikiti, naisikia harufu yake tangu ulipopinda kona. Lakini pishi ni vibaba vinne, na kibaba ni ujazo wa mikono miwili ya mtu wa wastani. Ndivyo babangu alivyofundishwa, na ndivyo mulivyofundishwa nyinyi wanavyuoni. Basi tupime kwa mikono."

Sheikh Ghanim alikuwa hajapata kuambiwa "basi tupime" na mtu yeyote. Akaichukua ile pishi ya Bi Mwanatumu, akasema itavunjwa siku ya Ijumaa baada ya sala, na akaondoka kwa hatua za haraka kuliko kawaida yake. Ijumaa hiyo haikuwa Ijumaa ya hivihivi. Liwali alikuwa amepata habari ya soko lisilo na ugomvi, akaahidi kuja kumvika Sheikh Ghanim joho la heshima na kumfanya msimamizi wa masoko ya miji yote ya jirani. Uzuri ulioje, Sheikh aliwaza njiani, Liwali ajionee mwenyewe haki ikitendeka.

Lakini maneno ya yule mama yalimkaa kifuani. Alipofika nyumbani aliweka pishi zote mbili mkekani, akamwaga mtama, akachota kwa mikono yake miwili. Chota ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pishi ya msikiti ikafurika. Akajifariji kwamba mikono yake ni mikubwa, mji mzima unajua. Akamwita mkewe, Bi Saumu. Mikono ya Bi Saumu ilikuwa midogo, na hata hivyo chota ya nne ilimwagika mkekani.

"Unatafuta nini, Baba Shekuwe?" mkewe akauliza.

"Natafuta mtu mwenye mikono ya wastani."

Kesho yake tangu asubuhi watu walimwona muhtasibu wao akizunguka mji na kikapu cha mtama na zile pishi mbili, akiitazama mikono ya watu. Alimtazama kinyozi, akamtazama fundi wa makubadhi, akamtazama mwadhini alipotoka kuadhini. Habari zikaenea. Watu wakaanza kubishana barazani ni nani mwenye mikono ya wastani, na wawili nusura wakosane, maana kila mmoja alisema wa wastani ni yeye. Kinyozi alichota mara nne akatia katika pishi ya msikiti, mtama ukafurika. Fundi wa makubadhi, ukafurika. Mwadhini akachota huku akisema bismillahi kila chota, ukafurika vilevile. Kila mmoja wao, alipojaribu pishi ya Bi Mwanatumu, vibaba vinne viliingia vikatulia sawasawa na ukingo.

Sheikh Ghanim alirudi nyumbani kabla ya alasiri, akachukua kisu, akakwangua ndani ya pishi ya msikiti. Nta ikatoka. Akakwangua tena, ikatoka tabaka nyingine, na nyingine chini yake, zinanukia udi wa mwaka hadi mwaka. Alipoufikia mti, alikuwa na bonge zima la nta mapajani mwake. Akabaki pale sakafuni akipiga hesabu. Kwa Ramadhani kumi aliwapunja maskini fitri zao. Kwa miaka kumi na moja aliwaamuru watu waaminifu wakate pishi zao, akawasifu walipozikata. Na yote hayo aliyafanya akiwa na udhu.

Bi Saumu alimkuta hapo, akaitazama nta, akaelewa.

"Si neno," Sheikh akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nitaimaliza kuikwangua leo, niirudishe shubakani. Nitawaambia wauzaji kwamba mwaka huu tunarekebisha vipimo. Liwali atakuja, ataondoka, hapana atakayefedheheka."

"Na Bi Mwanatumu?"

"Nitasema nimemsamehe."

Bi Saumu akaokota punje za mtama zilizotawanyika mkekani, moja moja, bila haraka.

"Utamsamehe kwa kosa gani, mume wangu?"

Ilipoadhiniwa alasiri Sheikh akaenda kusali, na waliosali karibu naye walisema siku ile alikawia sana kwenye sijda.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala watu walifurika kwenye lango la soko, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na Liwali ameketi mbele, joho jekundu lenye nyuzi za dhahabu limekunjwa magotini mwa mtumishi wake. Bi Mwanatumu alisimama peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini shingo hakuinamisha. Sheikh Ghanim akatokea akiwa na pishi mbili na kifurushi kidogo cha kitambaa.

"Enyi watu," akasema, "niliahidi leo nivunje pishi ya mtu aliyewadhulumu. Nimekuja kutimiza ahadi. Lakini pishi ya dhuluma ni hii ya msikiti, na aliyedhulumu ni mimi."

Akafungua kile kifurushi, akawaonyesha nta. Akawaeleza kila kitu tangu mwanzo, hakujitetea hata kwa neno moja. Akampa Bi Mwanatumu pishi yake. Kisha akainyanyua ile pishi kongwe juu ya jiwe la lango.

"Ngoja, Sheikh," Bi Mwanatumu akasema. "Mti haujakosa kitu. Ukiuvunja huo, mwakani tutapimia nini?"

Sheikh akashusha mikono. Watu waliokuwa wamezuia pumzi wakaitoa, na mmoja nyuma akacheka, na kicheko hicho kikawaambukiza wengine hata Liwali akafunika mdomo kwa ncha ya kilemba.

Liwali alipotulia akauliza, "Na haki za maskini za miaka yote hiyo?"

"Yangu nalipa leo," Sheikh akajibu. "Ghala yangu iko wazi tangu asubuhi."

Na wasimulizi wanasema alasiri ya siku ile ilikuwa sikukuu isiyokuwamo katika kalenda. Kila nyumba ilikadiria upungufu wa fitri zake ikatoa. Mtama ulibebwa kwa vikapu, kwa mikeka, kwa ncha za kanga. Wako waliokuwa wakipokea fitri miaka ile na sasa Mungu amewafungulia riziki, wakajikuta wanatoa kwa mkono huu na kuletewa kwa mkono ule, wakabaki wanachekana. Maskini walikula fitri katikati ya Shaabani, jambo ambalo halijapata kuonekana.

Lakini lilikuwa limebaki jambo moja. Sheikh Ghanim alimwendea Liwali akaomba avuliwe kazi. Liwali akawageukia wauzaji, hasa wale waliopeleka mashtaka, akawauliza kama wanataka muhtasibu mwingine. Walitazamana. Mwishowe muuza samaki, mtu mwenye maneno yake, akasema: "Bwana Liwali, huyo mwingine atatukamata sisi tu. Huyu amejikamata mwenyewe. Tuachie huyuhuyu, ijapokuwa kuanzia leo hatuna pa kujificha."

Liwali akamwacha kazini. Ama joho, alirudi nalo, akisema kwamba alilileta kwa muhtasibu asiyekosea, na mtu huyo hakumkuta. Inasemekana Sheikh Ghanim hakupata kuonekana mwenye furaha kuliko pale alipoliona joho lile likiondoka.

Watu walipotawanyika, alimfuata Bi Mwanatumu kibandani kwake, akasimama mbele ya mtama uliomwagwa mkekani.

"Bibi, nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nimekiri. Lakini msamaha nauomba hapa, tukiwa wawili."

"Nimekusamehe, Sheikh. Kwa sharti kwamba kila Shaabani, kabla hujaipima pishi ya mtu, ya msikiti ipimwe kwanza, na mimi niwepo."

"Nimekubali," akasema, kisha akasita. Aliionea huruma pishi ile kongwe ya msikiti, iliyobaki tupu, imekwanguka, haina harufu. "Na udi je? Watu wameuzoea."

Bi Mwanatumu akajaza pishi yake, akaisawazisha kwa kiganja, akammiminia mnunuzi aliyefika wakati huo.

"Udi wako uuchome chetezoni, Sheikh. Pishi iachie mtama."

Basi ndugu zangu, tusimcheke sana Sheikh Ghanim. Hakuwa mwizi, wala hakuwa mnafiki. Alikuwa mtu aliyeipenda dini yake, akaipaka mapenzi hayo kila mwaka pasipo kumuuliza maskini kama kibaba chake kinafika. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie sala zetu zionekane sokoni, na atuletee karibu yetu mtu atakayethubutu kutuambia: basi tupime. Na atakapokuja, atupe na sisi moyo wa kwenda kutafuta mikono ya wastani.