Muhogo wa Siku Tatu

Mwanamke mmoja aliolewa kwa watu wa bondeni, huko ambako shamba zima ni muhogo mchungu. Mnaujua huo. Nguruwe pori hawaugusi, na mwizi akiung'oa anaurudisha. Usipolowekwa vya kutosha, unaua. Mwanamke mwenyewe alikuwa wa kanisa hasa: kwaya yeye, maombi ya alfajiri yeye, kufagia madhabahu yeye.

Jumatatu mama mkwe wake alisafiri kwenda msibani. Kikapu kikiwa kichwani tayari, akasema, "Muhogo nimeshaumenya, uko kwenye pipa. Siku tatu ndani ya maji, ndipo uuanike. Ngapi?"

"Tatu, mama."

"Haya. Maana kuitikia wewe ni hodari."

Jumatano asubuhi ikaja habari kwamba jumuiya itasali kwake Ijumaa, akina mama kumi na wawili, na chakula ni juu ya mwenyeji. Unga ndani hakuna hata wa kukorogea uji. Akahesabu vidole: akingoja siku tatu zitimie, muhogo hautakauka. Akasimama mbele ya lile pipa. Akautoa. Akautandaza juani, akapiga magoti palepale kando ya jamvi, akauombea kwa machozi mpaka akasikia amani. Niwaulize: amani ile alipewa na nani?

Jua lilikuwa kali. Ijumaa asubuhi akatwanga, mchana akasonga ugali. Wageni wamekaa ndani, sahani zimeshapangwa mezani, mama mkwe huyo anaingia uani kutoka safari. Akachukua kipande kwenye sufuria, akakiweka ulimini, akakitema.

"Muhogo uliutoa lini?"

"Mama, niliuombea."

"Nilikwambia uuombee?"

Mwanamke akaanza kufunika sufuria.

"Nenda kauondoe mbele za watu. Sasa hivi."

Akaenda. Kufika mlangoni, akakuta vichwa vyote vimeinama. Kiongozi wa jumuiya alikuwa anaombea chakula, na hakuwa mtu wa sala fupi. Alishukuru kwa mvua, akawataja wagonjwa mmoja mmoja, akaingia kwa wasafiri. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Atamkatizaje mtu anayesema na Mungu? Watamwonaje, yeye wa madhabahu? Akasema moyoni, ngoja afike Amina.

Tazameni hapo. Siku tatu za muhogo zilimshinda kungoja, Amina akaweza.

Amina ilipotoka, wakubwa walikuwa hawajanawa bado. Lakini binti wa mwanamke huyo, wa miaka miwili, alikuwa ameshavuta sahani, yuko nayo chini ya meza. Watoto hawangoji Amina ya mtu. Alikuwa kwenye tonge la nne.

Walimkimbiza zahanati kwa baiskeli, anatapika njia nzima, macho yamegeuka juu. Siku mbili mama yake hakujua kama anauguza au anaaga.

Alipona. Naona mnashusha pumzi. Msishushe. Alipona kwa dawa na kwa rehema, si kwa yale machozi ya jamvini. Mungu hakuwa na haja ya kuombwa aulainishe muhogo. Maji yalikuwepo, siku zilikuwepo, na neno lilishasemwa.

Sisi je? Tunaambiwa kapatane na dada yako. Sisi tunafunga kwa ajili yake, tena tunatangaza kwamba tumefunga. Tunaambiwa acha kusengenya; sisi tunasengenya, halafu tunamalizia kwa kusema tumwombee. Mungu ameagiza kitu kimoja, sisi tunampelekea vingine kumi, kwa sauti nzuri, tukitumaini hataulizia kile kimoja. Na anayekula tulichopika ni nani? Mara nyingi ni wa chini ya meza, asiyejua lolote.

Humu ndani wamo wawili hawasalimiani tangu mavuno, na wote ni wa kwaya. Siwataji. Wao wanajuana, na nyinyi mnawajua. Sasa ni saa ya sala ya kufunga, na wengine mmeshaanza kuinamisha vichwa. Inueni. Sitaomba mpaka hao wawili wasimame wakashikane mikono. Sisi tuliobaki tumekaa, tunawangoja.