Simu ya Bi Nyamizi

Hapo zamani, si zamani ya majitu, ni zamani ya juzi tu, kompyuta zilikuwapo na uchovu ulikuwapo, palikuwa na maabara ya utafiti wa mihogo. Maabara hiyo ilikuwa na desturi yake: jambo halipiti mpaka kila mtu aseme "ndiyo."

Siku moja wakakaa kuchagua programu ya kuingizia takwimu za shamba. Shamba lenyewe la Bi Nyamizi, mjane, hana lingine. Aliwaachia msimu mzima wapande mihogo ya majaribio, wajue ipi inahimili ugonjwa, kisha wampe mbegu yake.

Lusajo akasema, "Tutumie programu ya majedwali ya kawaida. Kila mtu anaijua."

Semkiwa akasema, "Hapana. Mashina yetu tunayaita kwa namba. Mstari wa tatu, shina la tano: 3/5. Programu hiyo itadhani ni tarehe."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kikao cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Jamani, hata kusimulia kunachosha! Mwishowe mkuu wao, Daktari Kokugonza, akashika kichwa. "Semkiwa, mwanangu, umebaki wewe tu. Tumechoka."

Semkiwa naye alikuwa hoi. Akasema, "Haya. Ndiyo."

Wakaenda shambani na kompyuta mbili. Kweli, namba zikageuka tarehe. Lusajo akaona, akasema moyoni, "Nitarekebisha baadaye." Kumbe kompyuta moja hutanguliza siku, nyingine hutanguliza mwezi! Takwimu zilipounganishwa, 3/5 na 5/3 zikachanganyika, na mihogo ilikwisha kung'olewa. Shina lipi lilihimili ugonjwa? Hakuna aliyejua. Ikawa hakuna njia ila kupanda upya, msimu mwingine, shamba lile lile, na mwenye shamba bado hajaambiwa.

Daktari akasema, "Niliwaharakisha, lakini hiyo 'ndiyo' mliisema wenyewe."

Lusajo akasema, "Niliona nikaacha, lakini programu tuliipitisha wote."

Semkiwa akasema, "Mimi niliwaambia. Niliwaambia mpaka koo likakauka!"

"Halafu ukasema ndiyo," wakamjibu.

Hapo simu ya ofisini ikaita. Bi Nyamizi. Ikakatika, ikaita tena. Mvua zimeanza, mama anataka mbegu yake, na watatu wale wanatazamana.

Haya, nyie mnaosikiliza, msinitazame mimi, nami nimechoka. Je, nani alistahili kuipokea simu ile?