Suke la Kaburini

"Ukirudishiwa ngoma, uliza mbegu." Chekeni tu! Nimeisema mara moja, mmeshadhani bibi yenu amechanganyikiwa. Haya, kaeni chini, na wewe Shija acha kumfinya mwenzio. Methali hii ilianzia kijiji cha Igumila, na ilianza kwa watu kufurahi.

Ntemi Luhende wa ng'ambo ya mto aliishinda Igumila vitani. Akachukua ngoma yao ya utawala, akachukua na mbegu zote za mtama. Miaka saba wakamlimia huku wamesimamiwa kwa mikuki. Mwaka wa nane akawaita, akasema, "Vita vimekwisha. Ninyi sasa ni watu huru. Chukueni ngoma yenu."

Loo, vigelegele! Njia nzima walirudi wakicheza. Mama mmoja tu, Nyamizi, aliyefiwa na mwanawe Mihayo katika vita vile, ndiye aliyeuliza, "Na mbegu je?"

"Mama Mihayo, usitutie nuksi," akajibu Mahona, mkubwa wa kijiji. "Leo ni siku ya ngoma."

Lakini ngoma ilipopigwa nyumbani haikulia kama zamani. Ilisema: vuka, vuka, vuka. Watu wakacheka, kama ninyi.

Mvua zilipokaribia, hapakuwa na hata punje ya kupanda. Wakavuka mto kwenda kuomba. Luhende akawakaribisha vizuri sana, akawapa togwa. "Mbegu zipo," akasema. "Kila nyumba iniletee binti mmoja anilimie." Mikuki yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, mchwa wamekula mipini.

Kwa njaa wakakubali. Asubuhi ya mabinti kuvuka, ngoma ililia yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Mabinti wakatoka majumbani na majembe begani, hawapepesi macho, wala hakuna aliyewaswaga. Mbele yao alikuwa Kalunde, mtoto pekee aliyembakia Nyamizi. Mama yake akamshika mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, na Kalunde hakumtazama.

Nyamizi akakimbilia kaburini kwa Mihayo kumlilia. Kwao maiti alizikwa na konzi ya mtama mkononi. Basi pale juu ya kaburi, ardhi imekauka na mvua bado, lilisimama bua moja, suke limejaa, linatikisika na upepo hakuna.

"Usiguse!" Mahona akapiga kelele nyuma yake. "Cha wafu hakiliwi!"

"Sili, napanda," Nyamizi akasema huku analia. "Mwanangu alikufa akiigombea ngoma ile, nayo sasa inampeleka dada yake utumwani. Hiki ndicho alichoniachia."

Akalikata suke. Ngoma ikanyamaza papo hapo. Kule mtoni mabinti walisimama, maji yamewafika magotini, na Kalunde akageuka. "Mama," akaita, "tunakwenda wapi?"

Punje zake zikapandwa, ila suke moja halilishi kijiji, msidanganyike. Mwaka ule walikula mizizi, na wengine walikufa kwa njaa, Mahona akiwa mmoja wao. Lakini hakuna aliyevuka tena. Huyo Kalunde ndiye bibi wa bibi yangu, na hadi leo kwetu ngoma haipigwi mpaka mama mmoja afungue kiganja na mbegu zionekane.

Kwa hiyo siku mkiambiwa mko huru, chezeni, nani kawakataza? Ila ukirudishiwa ngoma, mjukuu wangu, uliza mbegu.