Kibuyu cha Kibogoyo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa kibuyu!

Kibuyu cha nani?

— Cha mwenye meno!

Wewe uliyekaa nyuma unatafuna muwa, sema peke yako: cha nani?

— Cha mwenye meno, bibi.

Haya. Maana asiye na meno ameshachelewa. Ngano ya leo si ya kuchekesha, na atakayecheka mahali pasipo na kicheko atanichotea maji kesho.

Alikuwapo Buku. Mnamjua panya buku, yule mwenye mashavu kama mifuko. Akiokota kitu, hakili. Anatia shavuni, ti, ti, ti, anakwenda nacho nyumbani. Nyumbani kwake alikuwapo bibi yake, Bibi Nyamizi, aliyemlea tangu mama yake alipochukuliwa na bundi.

Nchi ile wanyama walilima kunde, nao walikuwa na mila. Ukivuna, kabla hujaonja hata punje, unachota konzi moja, unaitia kibuyuni. Unachanganya na majivu, fukusi wasiingie. Unaziba kwa gunzi. Ukishaziba, umeziba. Mtoto akililia uji, hakifunguliwi. Harusi ikija, hakifunguliwi. Kinafunguliwa siku meno yamekwisha na miguu haifiki tena shambani. Ndiyo maana wakakiita kibuyu cha kibogoyo.

Bibi Nyamizi alianza vyake akiwa msichana. Konzi moja, mavuno kwa mavuno. Wenzake walimcheka, "Nyamizi, uzee wako una haraka gani?" Yeye alichota, akatia, akaziba.

Sasa akaja Ngiri. Shingo nene, meno yamepinda nje ya mdomo. Ngiri hakulima. Alizaliwa akifukua: akiona kilichofukiwa, fukuu, fukuu, anakitoa, anakila. Akasimama mbele ya pango lake, akapaza sauti:

"Kimoja leo, viwili mwezi ukiandama! Leteni vibuyu vyenu! Kimoja leo, viwili mwezi ukiandama!"

Digidigi akapeleka kimoja, kwa kujaribu tu. Mwezi ulipoandama akapewa viwili. Loo! Alirukaruka nchi nzima akivionyesha. Hakusema kwamba kimoja kilikuwa na alama ya Kanga ubavuni, yule ndege aliyepeleka chake baada yake, wala hakuna aliyemuuliza. Waliokuwa na kimoja wakapeleka kimoja. Waliokuwa na vingi wakapeleka vingi.

Buku akaenda pangoni. "Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba."

"Hizi kunde unazizalisha wapi?"

"Ukila pilau unamuuliza mpishi kuni katoa wapi?"

"Namuuliza, kama kuni ni zangu."

"Toka hapa, mashavu!"

Buku akarudi mbio kumwonya bibi yake. Akaikuta nyumba imefagiliwa, na ile pembe ya vibuyu ni tupu. Vimebaki viduara tu juu ya vumbi, pale vilipokaa miaka yote.

"Bibi, viko wapi?"

"Nimempelekea Ngiri."

"Vyote?"

"Vyote, mjukuu wangu." Bibi Nyamizi alikuwa akijifutafuta mikono kwenye khanga. "Jino la mwisho limetoka juzi, nilikuficha. Nikaona kunde zangu zitanifikisha mwaka huu na mwakani, halafu nitakuwa mzigo wako. Nikasema acha zizae. Nimekosea?"

Mngejibu nini ninyi? Buku alikwenda nje, akalia, akarudi akiwa ameshanawa uso.

Mwezi ukaandama. Wanyama wakaja na furaha zao, na vikapu. Ngiri kakaa mlangoni mwa pango, kalijaza.

"Mwezi wenyewe umeandama upande," akasema. "Subirini mwingine."

Ukaja mwingine. "Huu mwembamba mno."

Kanga akasema, "Basi nirudishie changu kilekile, viwili sitaki." Ngiri akainamisha kichwa, akamwonyesha meno. Kanga akaondoka. Wote wakaondoka. Ndani ya pango wakamsikia anapuliza majivu, pfuu, pfuu, halafu anatafuna. Majivu hayo yalimkera sana, yakamfanya ale polepole, na mimi nasema hapo mila iliwaokoa kabla ya ujanja wowote.

Njaa ikaingia. Bibi Nyamizi akamumunya mizizi kwa ufizi, akaishia kuitema. Akawa mwepesi hata Buku akimwinua aliogopa.

Ndipo Buku akarudi pangoni, punje moja aliyoifukia kando ya mto ikiwa imeshazaa. Akainama mbele ya Ngiri, akatema punje moja ya kunde upande huu, ti. Upande wa pili akamwaga ganda moja, na jingine, na jingine, yote yamejaa.

Ngiri akaacha kutafuna. "Umezitoa wapi?"

"Nilikopesha moja kama hii. Nikalipwa hizi zote."

"Nani analipa hivyo?"

"Ardhi."

"Muongo! Mimi Ardhi namjua. Kila siku namfukua. Hajanipa zaidi ya alichonacho."

"Kwa sababu unamfukua, Bwana Ngiri. Ardhi ana haya. Anapokea, anafunika, anataka aachwe. Ukimchungulia, anakupa majani tu. Ukimchungulia tena, anakupa maua. Ukimpa kisogo mpaka umsahau, analipa."

Ngiri akafikiri. Shingo nene hufikiri taratibu. Yeye aliwaahidi wanyama viwili kwa kimoja kwa mdomo tu, na huyu Ardhi analipa kweli! Tamaa ikamjaa mpaka masikio yakasimama.

"Nikimpa pango zima?"

"Kazi yake ni kubwa. Utachimba?"

"Kuchimba!" akacheka Ngiri. "Mimi?"

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshalainisha udongo. Ngiri akachimba kwa pua yake, fukuu, fukuu, bonde zima. Ng'ombe wawili wenye jembe wasingemfikia. Akatoa vibuyu, akang'oa magunzi, akatia punje tatu hapa, punje tatu pale, akafukia. Buku alimfuata nyuma akimwambia, "Usizirundike. Hapa akikataa, pale atakubali."

Ngiri akakaa kando ya shamba, kafumba macho. Jua likatoka, mvua ikanyesha, akashindwa kuvumilia. Akafumbua jicho moja.

"Buku! Majani! Kanipa majani!"

"Umechungulia!" Buku akashika kichwa. "Sasa kimbia, kabla hajakupa maua! Kimbia nyuma ya mlima, usigeuke mpaka uhisi umesahau!"

Ngiri akakimbia, vumbi tupu, mkia juu kama fimbo.

Mnaona? Hakudanganywa hata neno moja. Majani yalikuja kwanza kweli, na maua yakafuata kweli. Tatizo lake ni kwamba maisha yake yote hakuwahi kuacha kitu ardhini mpaka kikawa kitu.

Siku hiyo hiyo Buku akachuma majani machanga ya kunde, akayachemsha mpaka yakawa kama ute, akampelekea bibi yake. Kibogoyo na mboga ya kunde hawagombani. Bibi Nyamizi akala. Akaomba tena. Buku akageuka ukutani ili machozi yake yasionekane.

Wanyama wakapalilia kwa zamu. Maua yakaja, maganda yakaja, wakavuna. Kila mtu alichukua viwili kwa kila kimoja alichompa Ngiri. Vilivyozidi wakawapa wazee wasio na watoto. Kabla ya kuonja, kila mmoja akachota konzi yake, akatia majivu, akaziba. Ila safari hii vibuyu havikulala pamoja. Kimoja mwambani, kimoja darini, kimoja kwa shangazi ng'ambo ya mto.

Halafu Ngiri akarudi.

Hakuna aliyemtambua. Nyuma ya mlima hakuna kunde, kuna mawe, naye alifukua mawe. Jino la kulia likavunjika, ka! La kushoto, ka! Ya ndani yakafuata. Alikuja akiburuta miguu.

"Nimemsahau," akasema. "Nimemsahau kabisa. Amelipa?"

"Amelipa," akasema Buku. "Nawe umetimiza ahadi. Kila mtu kapata viwili kwa kimoja chake."

"Na mimi?"

"Wewe uliweka vingapi?"

Ngiri akafungua mdomo. Ufizi mtupu. Akaangalia wanyama mmoja mmoja, akaangalia shamba alilolichimba kwa pua yake mwenyewe.

"Vyangu... sikuweka."

"Basi tumekuzidishia mara mbili," akasema Buku. "Chukua."

Hakuna aliyecheka. Nawe usicheke! Ngiri alikaa chini pale pale, akalia kama mtoto, kwa sauti. Kanga alimwangalia, akageuza uso.

Bibi Nyamizi ndiye aliyeinuka. Akajikokota mpaka kwa Ngiri, akamwekea bakuli la kunde zilizopondwa.

"Bibi!" Buku akasema. "Huyu alikula uzee wako!"

"Alikula. Na leo wa kwake umefika, naye hana kitu." Akamsogezea bakuli. "Kula polepole, mwanangu. Bana kwa ulimi. Mimi nitakufundisha."

Ngano yangu nimeiziba kwa gunzi. Ukikuta mbegu ndani, kapande. Ukikuta fukusi, nirudishie mimi mwenyewe.

Na funzo lake mmelisikia. Msiweke akiba. Kuleni mavuno yote, mlambe na chungu. Akija mwenye shingo nene akasema kimoja kwa viwili, mpeni upesi kabla jirani hajawahi. Mkishakuwa vibogoyo, atatokea bibi mwenye huruma atawapondea kunde.

Mabibi wa namna hiyo nimewatafuta kijiji hiki kizima. Nimempata mmoja tu, naye ni mimi, na kibuyu changu kinatosha mtu mmoja.