Pengo Katikati ya Safu

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni karibu, wakubwa kwa watoto.

Hapo zamani za kale kiangazi kilikausha mito yote. Likabaki bwawa moja. Wanyama wakalijia kwa fujo, teke huku, pembe kule. Mtoto wa Swala akakanyagwa, akafa.

Nungunungu alimwona Swala akimlamba mwanawe aliyekwisha kupoa. Moyo ukamuuma. Akasema, "Jamani, tupangane."

Akawapitisha topeni mmoja mmoja. Pwata, pwata. Unyayo uliozama kidogo, huyo mwepesi. Uliozama sana, huyo mzito.

Akaanza na wepesi: Panya mla nyasi, Sange mla mchwa, Kicheche mla nyama. Aliyefuata kwa uzito alikuwa Sungura, naye mla nyasi.

"Kumbe tabia zinajirudia," akawaza Nungunungu. Akaanza safu ya pili, Sungura nyuma ya Panya.

Akaja Mbweha. "Nikae kando ya Sungura?"

"Hapana, bwana. Hapo ni pa mla mchwa. Wewe nenda nyuma ya Kicheche."

Safu ya tatu wakasimama Swala, Muhanga mla mchwa, na Chui. Wakanywa kwa utulivu. Lakini katikati ya safu ya pili palibaki wazi.

"Unamwekea nani?" akauliza Chui.

"Simjui. Ila atakuwa mzito kuliko Sungura, mwepesi kuliko Mbweha, na atakula mchwa."

Wakacheka, kwa kwa kwa. Chui hakucheka. "Asipokuja, mpango wako ni uongo. Tutarudi kusukumana."

Siku zikapita. Nungunungu akakonda kwa wasiwasi. Kila akilitazama pengo, alimkumbuka yule mtoto.

Asubuhi moja, kwaru, kwaru, akaja mnyama mwenye magamba mwili mzima. Panya akakimbia. Mgeni akajikunja kama mpira.

"Usiogope," akasema Nungunungu. "Pita topeni."

Unyayo ukazama zaidi kuliko wa Sungura, usifikie wa Mbweha.

"Unakula nini, ndugu yangu?"

"Mchwa."

Chui akainamisha kichwa.

Kakakuona, maana ndiye, akasimama katikati. "Kila bwawa nimefukuzwa. Ninyi mlinijuaje?"

"Hatukukujua wewe," akajibu Nungunungu. "Tuliwajua wenzako wanaokuzunguka."

Kakakuona akanywa mpaka akatosheka.

Wataalamu wa kemia nao walipanga elementi, yaani vitu vya asili vinavyounda kila kitu, hivyo hivyo katika jedwali, kwa uzito na kwa tabia, wakaziachia nafasi zile zilizokuwa hazijaonekana bado, nazo baadaye zikapatikana. Funzo ni hili: ukipanga kwa haki, usijaze pengo kwa kuogopa kuchekwa.

Hadithi yangu imefika mwisho wake hapo. Ichukueni, sasa ni yenu.