Zimwi Lililolazimisha Ndiyo

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe unayetafuna, funga mdomo.

Zimwi lilitaka kumwoa Somoe, binti pekee wa Bi Hadia. Kwao Somoe, bibi harusi huketi juu ya mkeka wa bibi zake, akaulizwa, akajibu kwa kinywa chake mwenyewe.

"Umeridhika?" likauliza zimwi, limetoa meno.

Somoe kimya.

"Umeridhika? Nitaimeza nyumba yenu!"

Somoe kimya.

Mara ya tatu likamkaba mama yake koo. "Sema ndiyo!"

Somoe akamwona mama anageuza macho. "Ndiyo," akasema. "Mwachie mama."

Zimwi likamwachia, likajibwaga mkekani likicheka. "Haya, mke wangu!"

Mkeka ukasema, "Ngoja, wewe! Neno la kulazimishwa si lake, ni lako. Aliyeridhika hapa ni wewe peke yako, basi lala."

Somoe akaruka pembeni. Mkeka ukajikunja, ukalisokota zimwi kama tumbaku, ukabana mpaka likawa vumbi.

Bi Hadia alirithi mbuzi wa zimwi. Somoe alirithi nyumba kubwa ya zimwi. Wachumba walipiga hodi mpaka wakachoka, na mlango aliufungua siku aliyotaka mwenyewe.