Yai la Nguchiro Siku ya Fainali

Nitoe, nisitoe?

— Toa.

Niseme kweli, niseme uongo?

— Changanya.

Haya. Na anayetaka kwenda chooni aende sasa, maana mimi sirudii. Makame, kaa chini.

Zamani, wanyama walipokuwa na ligi yao, palikuwa na Nguchiro. Mnamjua: mdogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Nguchiro huyu alikuwa shabiki wa Nyasi, timu ya wanyama wadogo wadogo. Shabiki hasa, sio yule wa kuuliza matokeo kesho yake. Nyasi wakifungwa, halali. Nyasi wakishinda, halali vilevile, anaimba, mpaka mkewe anahamia kwa mama yake.

Nyasi walikuwa wameshaingia fainali mara tatu. Mara ya kwanza walifungwa na Tope. Mara ya pili walifungwa na Tope. Mara ya tatu wakajifunga wenyewe, ili Tope wasisumbuke. Sasa ilikuwa fainali ya nne, na Tope ni walewale, timu ya nguruwe na nyati. Nguchiro alimwambia kila aliyekutana naye, "Safari hii nawaona wakibeba kombe kwa macho yangu, la sivyo naacha mpira." Muongo. Angeweza wapi kuacha mpira?

Tatizo lilikuwa Kiboko. Uwanja ulizungushiwa boma la miiba, mlango mmoja tu, na mlangoni kajiweka Kiboko, shabiki wa Tope. Nani kampa kazi hiyo? Hakuna. Tumbo lake ndilo lililomwajiri. Kila anayeingia alete boga.

Akaja Swala na boga. Kiboko akafungua kinywa, gwaa. Boga likaingia, ngwaku. "Pita."

Akaja Nungunungu na boga. Gwaa. Ngwaku. "Pita."

Akaja Kima na kiboga. Gwaa. Ngwaku. "Hilo dogo. Kalete lingine."

Akaja Nguchiro. Yeye halimi, maboga atayatoa wapi? Alikuwa na yai moja la kanga.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Boga."

"Mzee, mimi ni mtu wa mayai. Nimekuletea yai."

"Yai? Litafika tumboni, au litapotelea njiani? Boga."

"Mzee, fainali hii nimeisubiri miaka minne."

"Basi subiri na wa tano. Toka hapo, unaniziba upepo."

Nguchiro akasogea pembeni, akakaa. Iliuma, jamani. Ndani ngoma zimeshaanza, ndu ndu ndu, mashabiki wa Nyasi wanaimba, na wimbo wenyewe aliutunga yeye. Chozi likamtoka, akalifuta kwa mkia. Kisha akalitazama yai. Akamtazama Kiboko. Akalitazama yai tena.

Akarudi mlangoni, safari hii kinyumenyume. Hatua moja, anatema mate, ptu. Hatua ya pili, ptu. Hatua ya saba akachimba katikati ya mlango, kwaru kwaru kwaru, akalifukia yai, akajikung'uta mchanga na kuondoka bila kuangalia nyuma.

"We Nguchiro. Umefukia nini hapo?"

"Mimi? Sijafukia kitu, mzee."

"Nimekuona."

"Kama umeona, usiniulize. Mimi nimetumwa tu."

"Nani kakutuma?"

"Eti mzee, Tope wanapitia hapa?"

"Wanapitia hapa hapa. Wako njiani."

"Haya. Mungu awasaidie."

Kiboko akajisogeza pembeni. "Sasa wewe unakwenda wapi? Njoo basi, pita bure."

"Nipite hapo? Mzee, mimi nina watoto."

Nyie mpira wetu mnaujua. Mchezaji haogopi teke, haogopi refa. Anaogopa kitu kilichofukiwa. Kiboko jasho likaanza kumtiririka. Kulifukua hathubutu. Kuliruka hawezi, kwa mwili upi? Na kule njiani vumbi la Tope limeshaonekana. Akafanya lile analoliweza. Akageuka, akalivamia boma la miiba kwa makalio, gwara gwara gwara, mpaka akaifungulia timu yake njia mpya.

Tope wakapita njia mpya. Nyuma yao wakapita wote wasio na maboga. Kima akapita, Panya akapita, mashemeji wa Panya wakapita, na Nguchiro akapita mkia juu, akakaa mstari wa mbele. Kiboko hakuona mpira hata dakika moja. Alikuwa nje anang'olewa miiba makalioni, mmoja mmoja, uwi, uwi, uwi.

Ningeishia hapa mngenipigia makofi. Lakini Nyasi nao walikuwa hawajaingia.

Wakafika. Nahodha wao, Digidigi, akaiangalia ile njia mpya. "Kaifungua nani?"

"Kiboko," akasema Kima, akichungulia kutoka ndani.

"Kwa ajili ya Tope? Hatupiti. Wameshaweka kitu." Akaenda mlangoni. "Na hapa?"

"Hapo pamefukiwa kitu," akasema Kima, na mdomo wake ule.

"Hatupiti." Timu nzima ikakaa chini, nje ya uwanja.

Refa Korongo akatoa shingo. "Jua likifika utosini hamjaingia, kombe ni la Tope."

Nguchiro akatoka mbio. "Nahodha, piteni. Ni yai tu. Nimelifukia mimi, nilikuwa namdanganya Kiboko."

"Ndivyo wanavyosema wote."

"Mimi ni shabiki wenu. Wimbo wenu nimeutunga mimi."

"Kumbe ni wewe. Ndio maana tumefungwa mara tatu."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote ya Kiboko. Lakini jua halingoji. Nguchiro akachimba mbele yao, kwaru kwaru, akalitoa yai, akalila na ganda lake, kwacha kwacha. Wote wakamsubiri afe. Wakasubiri. Nguchiro akacheua.

Nyasi wakapita mlangoni mbio.

Mpira ukapigwa, ukapigwa kwelikweli. Dakika ya mwisho Digidigi akapenya chini ya tumbo la nyati, akaachia shuti, pwaa, wavu ukatikisika. Nyasi moja, Tope bila. Nguchiro alilia kwa furaha.

Wachezaji wakamfuata, wakambeba juujuu yeye badala ya kombe. "Goli nimefunga mimi," akasema Digidigi, "lakini dawa ni ya huyu."

"Haikuwa dawa," akasema Nguchiro. "Mmecheza vizuri, ndugu zangu. Nimeona mwenyewe."

"Sawa, mganga. Msimu ujao, kila mechi, wewe ni mlangoni na yai lako. Na huondoki pale mpaka filimbi ya mwisho, dawa isije ikalegea."

Akakataa, wakamwekea walinzi. Tangu hapo Nguchiro hajawahi kuwaona Nyasi wakicheza. Anawasikia tu, kwa mbali, wakishangiliwa. Wanashinda kila mechi.

Fundisho: ushirikina ni ujinga, mpira ni mazoezi. Mmesikia? Basi kesho, fainali yetu, jezi yangu isiguswe. Sijaifua tangu robo fainali na haifuliwi. Na wewe Mwanaidi, tulipofungwa ulikuwa umekaa kushoto kwangu, kwa hiyo kesho utasikilizia jikoni.

Mimi nimefika, nimetua mzigo. Mwenye wake aubebe.